Sheria, Hati Idhini na Mamlaka: Kuasisiwa na Kutawaliwa kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwapo kisheria tarehe 1 Julai 1970, kwa Sheria Na. 12 ya mwaka huo. Kufikia siku hiyo mihadhara ilikuwa imekwisha kutolewa kwa takribani miaka tisa. Majengo ya Mlimani yalikuwa yakitumika tangu mwaka 1964, na wahitimu walikuwa wamekwisha kushika nyadhifa mahakamani, shuleni na wizarani. Hata hivyo, hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyekuwa na shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliotangulia walisomea shahada za London. Waliofuata walitunukiwa za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mahali palikuwa Dar es Salaam, lakini jina lililoandikwa katika cheti lilikuwa la kwingine.

Tofauti hiyo baina ya chuo kama jamii ya watu wanaofundishana na chuo kama kitu kinachotambuliwa na sheria ndiyo kiini cha historia hii. Sheria inayoasisi chuo kikuu cha umma hukifanya kuwa shirika lenye nafsi yake. Shirika hilo laweza kumiliki ardhi, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake lenyewe. Lina lakiri yake. Wala halitoweki kwa kufa au kustaafu kwa watu walio ndani yake. Juu ya hayo huongezwa jambo moja ambalo kampuni au chama cha ushirika havina, nalo ni mamlaka ya kutunuku shahada. Likiondolewa hilo, kinachobaki ni shule kubwa. Na kwa kuwa mamlaka hayo hutolewa na dola, dola nayo hutaka kujua ni nani atakayeyashika. Hapo ndipo mvutano unapoanzia, na historia ya Mlimani kwa sehemu kubwa ni historia ya mvutano huo.

Yafaa ikumbukwe kwamba pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na vyuo kabla ya kuwa na Bunge lolote. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa kitabu, kisha kikawa pia mahali ambapo vitabu vinasomwa, yaani madarasa ya Kurani na elimu nyingine za dini. Mwanachuoni wa Lamu au Unguja hakuhitaji kutambuliwa na serikali. Alipokea ijaza, yaani ruhusa ya kuyafundisha aliyoyasoma, kutoka kwa mwalimu aliyemsomesha, na mwalimu huyo naye aliipata kwa mwalimu wake. Gharama zilitokana na wakfu na sadaka. Chuo kikuu cha kisasa kilikuja na utaratibu mwingine, ambamo ruhusa hutoka juu na huandikwa. Waraka unaokihalalisha chuo kikuu nchini Tanzania hivi leo huitwa Hati Idhini. Waliolichagua jina hilo walilenga shabaha: idhini ni ruhusa, na chuo kikuu ni kitu kilichoruhusiwa.

Shahada za wengine

Makerere ilikuwa imetangulia. Ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Utaratibu huo ulitumika pia katika makoloni mengine ya Uingereza, kama vile Ibadan nchini Nigeria. Walimu walifundisha Kampala, mitaala na mitihani ikasimamiwa kwa kushirikiana na London, na London ndiyo iliyotunuku. London yenyewe ilikuwa imeupata uwezo huo kwa hati ya kifalme ya mwaka 1836. Kwa hiyo mhitimu wa Makerere wa mwaka 1955 alikuwa, kisheria, msomi aliyeidhinishwa kwa saini ya mfalme aliyekufa zaidi ya karne moja nyuma, katika nchi ambayo pengine hakuwahi kuiona.

Tanganyika ilipokaribia uhuru haikuwa na chuo kikuu chochote. Serikali ya TANU haikutaka kungoja majengo. Tarehe 25 Oktoba 1961, majuma sita na ushei kabla ya uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Uteuzi wa somo hilo ulikuwa na sababu za wazi. Makerere na Nairobi hazikuwa na kitivo cha Sheria, na nchi iliyokuwa ikijiandaa kujitawala ilikuwa na wanasheria wazalendo wa kuhesabika kwa vidole. Kiongozi wa kwanza wa chuo alikuwa Cranford Pratt kutoka Kanada, na Kitivo kiliongozwa na A. B. Weston kutoka Australia. Mwenye nyumba alikuwa chama cha siasa. Katika miaka iliyofuata chuo hicho kiliulizwa mara nyingi, na maadui na marafiki zake, kama kiliwahi kweli kutoka chini ya paa hilo.

Mwezi Juni 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Julius Nyerere akawa Mkuu wake. Uhusiano na London ukakoma. Kila chuo kiliendelea kuwa na uongozi wake, ila shahada zilikuwa za chuo kikuu kimoja, na mipango mikubwa ilipaswa kukubaliwa na wote watatu. Udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mpango huo ulikuwa na busara ya kiuchumi, lakini haukuwa na mizizi ya kisiasa. Kila serikali ilitaka kuwaona madaktari, wahandisi na wanasheria wake wakifundishwa nyumbani, na kila moja ilikuwa na mipango yake ya maendeleo ambayo haikungoja jirani. Dar es Salaam ilianza kufundisha udaktari mwaka 1968, kwa kuipokea shule ya uganga iliyokuwapo mjini, na kilimo mwaka 1969 huko Morogoro. Tarehe 30 Juni 1970 chuo kikuu cha pamoja kilivunjwa, na siku iliyofuata vikazaliwa vitatu.

Ndani ya miaka hiyo kuna tukio lililopita bila kelele, nalo ni la msingi kwa taaluma za Kiswahili. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 na serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ili kusanifisha Kiswahili ilikuwa imehamahama kwa muda mrefu. Ilipata kukaa Makerere, kisha Mombasa. Mwaka 1964, ikiwa imehamia Dar es Salaam, iliingizwa katika Chuo Kikuu Kishiriki na kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Mwaka 1970 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Mtoto wa serikali nne akawa kiungo cha chuo kikuu kimoja. Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 1967, Bunge liliunda Baraza la Kiswahili la Taifa kwa Sheria Na. 27. Mara nyingi vyombo hivi viwili hutajwa pamoja kana kwamba ni ndugu pacha. Kisheria havifanani hata kidogo. BAKITA ni shirika lenye sheria yake, lenye majukumu yaliyoorodheshwa na Bunge na linalowajibika kwa waziri. TUKI haikuwa na sheria yake; ilikuwa chini ya chuo kikuu, na programu yake ya utafiti ilijadiliwa na wanataaluma. Chombo cha kwanza kilipewa kazi ya kuamua. Cha pili kilipewa kazi ya kuchunguza, ambayo wakati mwingine huishia katika kuyatilia shaka yaliyokwisha kuamuliwa.

Rais akiwa Mkuu wa Chuo

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao wakati wa utumishi huo. Rais Nyerere aliwasikiliza, akatangaza kwamba anaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akaamuru warudishwe makwao. Karibu wanafunzi 400, wengi wao wa Chuo Kikuu Kishiriki, waliondolewa masomoni.

Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kwa jicho la siasa, na husimuliwa kama mgongano wa vijana waliojiona mabwana na kiongozi aliyewakumbusha wakulima waliokuwa wakiwalipia. Hoja ya Nyerere ilikuwa nzito na haijapungua uzito. Likitazamwa kwa jicho la sheria, hata hivyo, tukio linauliza swali jingine: ni nani mwenye mamlaka ya kumwondoa mwanafunzi chuoni? Kwa desturi ya vyuo vikuu, hiyo ni kazi ya vyombo vya nidhamu vya chuo, baada ya kumsikiliza mhusika. Siku ile uamuzi ulitoka Ikulu. Nyerere alikuwa Rais wa nchi na, wakati huohuo, Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Lakini hakuna ushahidi kwamba yeyote aliyekuwapo alijishughulisha kutenganisha sauti ya Rais na sauti ya Mkuu. Mwezi Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, uliitishwa mkutano wa kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Tangu hapo mjadala juu ya uhuru wa chuo ukawa pia mjadala juu ya ujamaa, na haikuwa rahisi kuuendesha mmoja bila kutuhumiwa kuupinga mwingine.

Sheria ya 1970 iliyaweka wazi yaliyokuwa yamekwisha kudhihirika. Rais wa Jamhuri akawa Mkuu wa Chuo Kikuu. Makamu Mkuu, ambaye ndiye mtendaji, akateuliwa na Rais. Wa kwanza kuteuliwa alikuwa Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa TANU na, kabla ya hapo, Katibu wa Bunge. Msekwa alikuwa mtawala mzoefu na mwenye elimu, lakini hakuwa profesa, na uteuzi wake ulieleweka Mlimani kama tamko kwamba chuo ni mali ya taifa kabla ya kuwa mali ya wanataaluma. Jambo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Nairobi na Makerere, zilizopata sheria zao mwaka huohuo, nazo ziliwekewa mkuu wa nchi kuwa Mkuu wa Chuo, na Makerere haikukawia kuona maana yake pale Idi Amin alipotwaa madaraka mwezi Januari 1971.

Katika mwezi wa Julai mwaka huo wa 1971 Rais wa serikali ya wanafunzi wa Dar es Salaam, Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu akilalamikia jinsi chuo kilivyoendeshwa bila ya kuwashirikisha wanafunzi. Akivaga alikuwa raia wa Kenya. Alikamatwa chuoni na kurudishwa kwao, na wenzake wakagoma kuingia madarasani. Inafaa kuzingatia kile ambacho barua ile ilikuwa ikikidai. Haikuwa na dai la posho wala la chakula. Ilihoji muundo: nani anakaa katika kamati zipi, na kwa idhini ya nani.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974. Lilielekeza kwamba kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu, bali afanye kazi kwanza, na apate mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Nia yake ilikuwa kuondoa tabaka la wasomi wasioijua nchi yao. Matokeo yake kisheria hayakuzungumzwa sana. Kuamua nani anastahili kuingia darasani ni miongoni mwa kazi za asili za Seneti, na sasa ufunguo mmoja wa mlango huo ulishikwa na tawi la Chama. Seneti iliendelea kukutana na kupitisha orodha za waliochaguliwa, ila orodha zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchujwa mahali pengine.

Mwezi Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, mara hii wakipinga marupurupu ya mawaziri na wabunge, na mamia yao wakafukuzwa. Mwezi Mei 1990 chuo kizima kilifungwa na hakikufunguliwa hadi mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Majuma machache kabla ya kufungwa huko, mwezi Aprili 1990, jumuiya za wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu nchini zilikuwa zimepitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu Uhuru wa Kitaaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii. Azimio hilo linastahili kusomwa pamoja na Sheria ya 1970, kwa kuwa linajibu karibu kila ambacho Sheria ile ilikinyamazia. Linataka taasisi zijitawale kupitia vyombo vinavyochaguliwa kidemokrasia, na linakataa wanataaluma na wanafunzi kuadhibiwa bila haki ya kusikilizwa. Lakini azimio si sheria. Hakuna mahakama iliyolazimika kulifuata.

Kile ambacho sheria haikukitaja

Msomaji wa historia hii huenda akahitimisha kwamba Mlimani palikuwa na dola tupu. Haitakuwa kweli, na Kiswahili ndicho kithibitisho.

Mwaka 1970 ilianzishwa Idara ya Kiswahili, na ikafundisha Kiswahili kwa Kiswahili. Jambo hilo leo laonekana la kawaida kiasi cha kutoulizwa. Wakati ule lilikuwa jambo la ujasiri. Masomo yote mengine ya chuo yalifundishwa kwa Kiingereza, na istilahi za kufundishia isimu kwa Kiswahili kwa kiasi kikubwa hazikuwapo. Zilibuniwa huku mihadhara ikiendelea: isimu yenyewe, kisha fonolojia, mofolojia, sintaksia, fasihi simulizi na nyinginezo, hadi Taasisi ilipotoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Hakuna kifungu cha sheria ya Bunge kilichoamuru haya yafanyike. Hakukuwa pia na kifungu kilichoyazuia. Lugha ya kufundishia idara ni suala la kitaaluma, na masuala ya kitaaluma yaliachiwa Seneti na bodi za vitivo. Wanataaluma waliitumia nafasi hiyo.

Inasaidia kulinganisha na yaliyotokea pale dola ilipoombwa iamue. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985 na hatimaye katika vyuo vikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Wapo wanaolitaja tukio hilo kama uthibitisho kwamba Kiswahili kilishindwa kuingia chuo kikuu. Hoja hiyo ina kasoro: kilikuwa kimekwisha kuingia miaka 12 kabla, kupitia mlango ambao haukuhitaji kibali cha Baraza la Mawaziri. Kilichokataliwa ni kukipeleka nje ya mipaka ya idara moja na taasisi moja. Kwa maneno mengine, nguvu ya Seneti ilionekana katika kuanzisha, na udhaifu wake ukaonekana katika kueneza. Kwani kueneza kulihitaji vitabu, walimu na wanafunzi walioandaliwa sekondari, na mambo hayo yako nje ya uwezo wa Seneti yoyote.

Sheria ya 2005

Kwa zaidi ya miongo mitatu kila chuo kikuu cha umma nchini kilikuwa na sheria yake. Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kilijitenga na kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine kwa Sheria Na. 6 ya 1984. Chuo Kikuu Huria kilizaliwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992, na Mzumbe kwa Sheria Na. 21 ya 2001. Vyuo vikuu binafsi vilipoanza kuruhusiwa katika miaka ya 1990, liliundwa Baraza la Ithibati kuvisimamia, lakini vile vya umma viliendelea kusimama juu ya sheria zake. Ukawapo mfumo wa ajabu kidogo, ambamo chuo binafsi kilikaguliwa na cha umma kikaaminiwa.

Sheria ya Vyuo Vikuu, Na. 7 ya 2005, iliufumua mfumo huo. Iliunda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ikaviweka vyuo vya umma na vya binafsi chini ya jicho moja, na ikaagiza kila chuo kiwe na Hati Idhini inayotolewa na Rais. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata yake mwaka 2007. Mwaka huohuo Muhimbili na Ardhi, vilivyokuwa vyuo vikuu vishiriki vyake, vikawa vyuo vikuu kamili. Kenya ilifuata njia inayofanana na hiyo kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata hati yake mwaka 2013.

Chini ya mfumo huu Mkuu wa Chuo ni kiongozi wa heshima anayetunuku shahada. Mkuu wa nchi hakalii tena kiti hicho kwa sababu ya urais wake, ingawa uteuzi bado ni wake. Mwanzoni mwa mwaka 2016 aliteuliwa Jakaya Kikwete, Rais mstaafu. Nchini Kenya, Rais Kibaki alikiachia kiti hicho katika vyuo vya umma mwaka 2003. Baraza la Chuo ndilo lenye kauli ya mwisho kuhusu mali, fedha, ajira na nidhamu ya watumishi. Seneti, chini ya uenyekiti wa Makamu Mkuu, husimamia mitaala, mitihani na viwango. Baraza la Masajili huwaunganisha wahitimu, na serikali ya wanafunzi inatambuliwa na sheria. Mpango huu una mantiki nzuri, na ukisomwa peke yake unaweza kumfanya mtu aamini kwamba chuo kikuu kinajitawala.

Lakini mlango na kisanduku cha fedha hueleza zaidi. Tuanze na mlango. Kuanzia mwaka 2010 Tume iliendesha mfumo wa pamoja wa udahili, ambapo mwombaji alipeleka maombi kwa Tume naye akapangiwa chuo. Ulipunguza udanganyifu na usumbufu. Ulipunguza pia uwezo wa Seneti kuwachagua wanafunzi wake, kama Azimio la Musoma lilivyowahi kufanya kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 2017 udahili ulirudishwa vyuoni. Ama kisanduku, wahadhiri wa vyuo vya umma ni watumishi wa umma, mishahara yao hutoka Hazina, na ada za wanafunzi wengi hutoka Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004. Baraza la Chuo lenye mamlaka ya kuajiri haliwezi kuajiri bila kibali cha fedha kutoka serikalini. Mamlaka limepewa, njia ya kuyatumia imebaki kwingine.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wasomi wa sheria wamelipima kwa mizani tofauti. Sheria ya 1970 ilijadiliwa bungeni; Hati Idhini haipigiwi kura. Faida yake ni wepesi: muundo wa chuo unaweza kurekebishwa bila kungoja ratiba ya Bunge. Hasara yake ni kwamba mjadala wa hadhara juu ya nani aingie katika Baraza na nani ateuliwe na nani umehamia ofisini. Kwa chuo kinachoitwa cha umma, hasara hiyo si ndogo. Upande wa faida, mfano ulio karibu ni wa mwaka 2009, TUKI ilipounganishwa na Idara ya Kiswahili na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Uchunguzi na ufundishaji, vilivyokaa mbalimbali kwa takribani miaka 40, viliwekwa chini ya paa moja, na Bunge halikuhitajika kukaa.

Majina ya vyeo

Lugha ya sheria hizi zote ilikuwa Kiingereza, na Kiswahili kililazimika kuzifuata nyuma kikivibatiza vyeo. Matokeo yake yanafundisha. Kitivo, neno lililokuwa na maana ya ardhi yenye rutuba, lilikuwa chaguo la kishairi na limekubalika. Baraza, lililotoka kwenye kibaraza cha nyumba ambapo wazee hukaa na kuamua mambo, limebeba maana yake ya zamani hadi ndani ya Hati Idhini. Amidi na Rasi wa Ndaki wamepokewa chuoni, ingawa nje ya lango hawajulikani sana.

Tatizo liko kileleni. Kwa Mswahili wa kawaida, mkuu wa chuo ni mtu anayekiongoza chuo: ndivyo anavyoitwa kiongozi wa chuo cha ualimu, naye hufika ofisini kila asubuhi. Katika chuo kikuu, Mkuu wa Chuo huja siku ya mahafali. Anayefika kila asubuhi ni Makamu. Mzazi anayeandika barua ya malalamiko kwa Mkuu wa Chuo Kikuu humwandikia mtu asiye na faili lolote mezani. Wenzetu wa Kenya wameliepuka tatizo hilo kwa kusema Chansela na Naibu Chansela. Mkopo huo haupendezi kila sikio, lakini haudanganyi. Nchini Uganda, Sheria ya mwaka 2001 ilimpa Rais cheo cha usimamizi wa juu ambacho jina lake la Kiingereza, kwa mtu asiye mwanasheria, humaanisha mgeni. Atakayekitafsiri neno kwa neno atamfanya Rais kuwa mgeni katika chuo ambacho ana mamlaka ya kukikagua.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ya tafsiri na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, iliyotungwa kwa Kiingereza, ni miongoni mwa zile zinazohusika. Mfasiri wake hukutana na neno la Mkuu wa Chuo tangu kurasa za mwanzo, akiwa na njia mbili: kuliacha kama lilivyozoeleka tangu mwaka 1970, au kutafuta neno linalosema wazi ni nani hutunuku shahada na ni nani hutawala.